Dansi ya Marehemu Garance

Staroborsk, 14 Septemba 2008

Babu Gleb,

Shikamoo. Nyonga inasemaje huko Petersburg? Mama amenipigia simu juzi kunishtakia kwamba umeikataa tena fimbo aliyokununulia, eti fimbo ni ya wazee. Una miaka sabini na minane, Babu. Ukianguka tutakuokota, lakini tutakucheka kwanza. Sisi hatujambo. Mama amemaliza kuchimba viazi vyake na sasa analalamikia mgongo. Mimi nimepata chumba karibu na jumba la michezo, kina joto, na mwenye nyumba ni mwanamke mstaarabu, haniulizi maswali isipokuwa moja kila asubuhi: nitaolewa lini.

Simu huipendi, unasema unasikia upepo tu, kwa hiyo naandika. Nina jambo kubwa.

Unajua nimeletwa huku kufufua baleti ya *Pete ya Mfua Fedha*, hatua kwa hatua, vile alivyoitunga Garance mbele ya wakuu wa Petersburg mwaka 1889. Maandishi ya alama za hatua yapo, nimeyanakili kwenye hifadhi ya nyaraka, ila yana shimo moja: dansi ya bibi harusi, anapocheza peke yake katika sehemu ya tatu, haimo. Karatasi zake zilipotea zamani. Mkurugenzi wetu, Pokatilov, aliniambia wazi kwamba harusi bila bibi harusi ni matanga, na kwamba nisipoipata dansi hiyo kabla ya baridi, mchezo mzima unafutwa na mimi narudi kufundisha watoto kushika ufito wa mazoezi wa ukutani. Hii ndiyo kazi yangu ya kwanza yenye jina langu. Hutaki kujua nimekula kucha ngapi.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita, katika stoo ya nywele za bandia, chini ya sanduku la masharubu, nimeikuta. Daftari moja, limepauka, kona imeungua, alama zote za kale, na juu yake kwa Kifaransa: dansi ya bibi harusi. Pokatilov amenibusu mashavu yote mawili mbele ya mafundi.

Na ni dansi ya ajabu. Mizunguko kumi na tisa, yote kwenda kushoto. Katikati mchezaji anasimama kimya mapigo manane, hafanyi lolote. Kisha anakwenda nyuma ya jukwaa, na badala ya kupita moja kwa moja anachora mpindo mkubwa kama mto. Nimeandika kurasa nne kueleza maana yake, nakutumia nakala. Kona iliyoungua nadhani ni ule moto wa jumba la michezo la Petersburg wa mwaka 1893.

Wewe na dada yako, marehemu Bibi Kapitolina, mlicheza hapa hapa miaka ya hamsini. Hakuwahi kukuambia chochote kuhusu dansi hii?

Mjukuu wako,
Taisia

*

Petersburg, 3 Oktoba 2008

Mjukuu wangu Taisia,

Marahaba. Nyonga inasema ilivyosema mwaka jana, sasa kwa sauti kubwa zaidi. Fimbo ya mama yako ipo, nimeitundikia koti. Jirani ninayeshiriki naye nyumba, Nonna Feoktistovna, ameshindilia kabichi ya chumvi kwenye beseni la kuogea, kilo thelathini, kwa hiyo tangu Jumanne nyumba nzima tunanawa vidole tu. Mwenye nyumba wako mwambie kwamba babu yako naye aliulizwa swali hilo miaka arobaini, mwishowe wakachoka.

Nimefurahi umepata ulichokitafuta. Ngoja nikueleze mambo machache, kwa kuwa nyinyi wafufuaji mnajua kusoma alama kuliko mnavyowajua watu waliozifuata.

Enzi yetu mchezo wa kale ulipotufikia tuliukatakata kama kabichi ya Nonna. Hiki kirefu, toa. Hiki cha kizee, toa. Hapa weka trekta. Leo nyinyi mnaviokota vile vipande pipani na kuvipigia magoti. Sijui nani kati yetu ana wazimu zaidi, ila sisi angalau tulikuwa na haraka.

Kurasa zako nne juu ya falsafa ya kushoto nimezisoma mara mbili. Mara ya pili nilimsomea Nonna, alikuwa na kwikwi na daktari alisema acheke. Umeandika kwamba Garance alimzungusha bibi harusi kushoto kwa sababu ndiko uliko moyo. Vizuri sana. Sasa nikuambie lilichonifunza jukwaa. Wachezaji karibu wote huzunguka kulia, ndivyo miili yao ilivyozoezwa. Ukimwona anayekwenda kushoto mara kumi na tisa mfululizo, ama ana moyo mkubwa ama ana goti bovu la kulia. Nimecheza miaka ishirini na sita na kufundisha thelathini. Magoti mabovu nimeyaona mengi.

Na huo moto. Moto ulioteketeza jumba zima, ukalifikia daftari, ukaonja kona moja, ukaacha kila alama ikisomeka, ni moto wenye adabu kuliko watu wengi ninaowafahamu.

Jambo dogo nauliza tu. Nyuma ya jukwaa lenu, upande wa kushoto, palikuwa na mlango wa sakafuni ambamo mashetani walitokea katika michezo ya watoto. Kifuniko chake kilikuwa kibovu. Bado upo? Wameupigilia misumari?

Kuhusu bibi yako umeniuliza kitu, lakini karatasi imekwisha.

Babu yako,
Gleb Innokentyevich

*

Staroborsk, 16 Novemba 2008

Babu,

Shikamoo. Barua yako nimekaa nayo mwezi mzima kwa sababu ilinikera, nakuambia ukweli. Karatasi imekwisha! Upande wa pili ulikuwa mweupe kabisa. Mama anakusalimu, mgongo umepoa. Theluji huku imefika magotini, na mwenye nyumba amenitafutia mchumba, fundi wa mabomba, mtu mwema, anakoroma hata akiwa macho.

Mlango wako wa sakafuni upo, wamepigilia ubao juu yake. Sijui unautakia nini.

Sasa habari. Mhakiki Lunyov amekuja kutoka mji mkuu kutazama mazoezi. Unamjua, yule ambaye akiandika mstari mmoja watu wanafukuzwa kazi. Alikaa kama sanamu sehemu mbili nzima. Ilipofika dansi ya bibi harusi akaivua miwani. Milena, msichana wetu anayeicheza, alisimama yale mapigo manane, na jumba zima, mafundi wa taa pamoja, likaacha kupumua. Hata kama unanicheka, Babu, ningependa uone. Siku nne baadaye Lunyov akaandika hivi, nanukuu neno kwa neno: “Hapa ndipo tunapojua tulichopoteza. Hakuna mtunzi wa zama zetu ambaye angethubutu kumsimamisha mchezaji mapigo manane. Garance alijua kunyamaza; wetu wanajua kelele tu.” Pokatilov ameyatia maneno hayo kwenye fremu ya dhahabu, na ameniahidi mchezo mwingine mwakani, mkubwa zaidi, wa Garance huyo huyo.

Kwa hiyo nina ombi, na halitoki kwangu peke yangu. Ipo kamati ya wataalamu itakayothibitisha daftari, na Pokatilov anataka shahidi aliye hai. Wewe ndiye pekee uliyebaki kati ya waliocheza jumba hili zamani hizo. Andika ukurasa mmoja tu, kwamba Bibi Kapitolina alipokezwa dansi hii na wazee waliomwona Garance kwa macho yao. Nimekutafutia hata maneno, nimeyaambatanisha. Wewe weka sahihi chini.

Na usiseme kalamu imekwisha wino.

Taisia

*

Petersburg, 21 Desemba 2008

Mjukuu wangu,

Marahaba. Kalamu ina wino. Ni mkono uliolala: nilianguka kidogo ngazini, siyo kwa kukosa fimbo, kwa kumkwepa paka. Usimwambie mama yako. Kabichi imeiva na beseni limerudi kazini, tumeoga wote kwa zamu kama jeshi lililoshinda vita. Nimekutumia mkebe wa uyoga wa kukausha na mtungi wa jamu ya Nonna. Fundi mabomba mpokee vizuri. Katika ukoo wetu hatujawahi kuwa na mtu mwenye ujuzi unaofaa kitu.

Ukurasa wako wa ushahidi nimeusoma. Umeandikwa kwa lugha nzuri, na kwa kuwa sikuuandika mimi sioni kwa nini niutie sahihi. Macho yangu hayaoni vizuri maandishi ya namna hiyo. Mwambie Pokatilov kwamba shahidi wake ana umri wa kusahau.

Badala yake nikupe kitu kitakachokufaa. Unajua zile alama zinaandika miguu vizuri, kila goti na kila kisigino, lakini mikono mara nyingi zinaiacha tupu. Si siri yoyote. Mwandishi alikaa pembeni na kalamu, mchezaji anakimbia, mkono wa mwandishi unachoka, anajisemea mikono wataikumbuka. Hawakuikumbuka. Sasa Milena wako, kwa unavyosimulia, anasimama mapigo manane mikono imening’inia kama nguo kambani. Mwambie hivi. Mkono wa kulia ukae kiunoni, kidole gumba nyuma. Wa kushoto upande polepole, ufike karibu na sikio pigo la tano, si la nne. Asikilize, kama mtu aliyesikia nyayo kwenye ngazi na tayari anajua kwamba siye anayemngoja. Asitabasamu. Akitabasamu ataharibu kila kitu. Pigo la nane uzito uhamie mguu wa kushoto, ndipo aondoke.

Nakisia tu, bila shaka.

Na sifa za huyo Lunyov zisikulevye. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyo anayesifiwa hapo amekufa miaka mia moja iliyopita, hata maji hawezi kutia.

Heri ya mwaka mpya. Vaa viatu vya sufu.

Gleb

*

Staroborsk, 18 Januari 2009

Babu,

Shikamoo. Uyoga umefika, jamu imefika. Mama anajua kwamba ulianguka. Nonna alimpigia simu.

Nilimpa Milena mikono yako. Alifanya mara moja tu, na mwanamke wa mavazi, aliyekuwa anashona pindo jukwaani, alianza kulia na sindano mdomoni. Basi nikakaa kwenye kiti nikajiuliza: mtu gani hukisia pigo la tano, si la nne?

Jana wakati wa chakula cha mchana, jukwaa likiwa tupu, nilichukua chaki na daftari nikachora njia ya bibi harusi sakafuni, hatua kwa hatua. Ule mpindo wangu mkubwa kama mto, nilioandika juu yake ukurasa mzima, unauzunguka mlango wa mashetani. Unaukwepa kwa hatua mbili kila upande, sawasawa kabisa, kisha unanyooka. Nikasimama pale na chaki yangu. Jumba hili lilijengwa mwaka 1931. Garance alikufa 1906 na hakuwahi kufika mji huu hata kwa bahati mbaya.

Bibi aliangukia hapo. Alituonyesha kovu la goti utotoni mwetu, goti la kulia. Aliwahi kusema, “Shetani mmoja alitoka, mimi nikaingia,” tukacheka. Akiosha vyombo alisimama kwa mguu wa kushoto maisha yake yote.

Mabango yamebandikwa mji mzima. Kamati ya wataalamu imethibitisha daftari bila ushahidi wako, wamesema mtu hawezi kuukosea mkono wa Garance. Onyesho la kwanza ni tarehe 21 Februari.

Sikuulizi kuhusu bibi yangu tena. Nakuuliza wewe. Ni nani aliyetunga dansi hii, na kwa nini umeniacha niandike kurasa nne?

Taisia

*

Petersburg, 27 Januari 2009

Taisia,

Safari hii sina habari za nyonga wala za kabichi.

Nimeitunga mimi, mwaka 1957, katika chumba cha mazoezi cha ghorofa ya pili, kile chenye bomba linalovuja. Nilikuwa na miaka ishirini na saba.

Nikueleze ilivyokuwa, maana haya hayamo kwenye hifadhi zenu. Kila dansi ilipita kwanza mbele ya kamati, watu wanne na jagi la maji. Ukileta kitu kipya unaulizwa kina maana gani, kinamfunza nini mfanyakazi, kwa nini yule msichana anasimama tu. Ukileta cha marehemu, ukasema ni urithi, wananyanyuka na kukupa mkono. Maiti haulizwi sanda. Kwa hiyo karibu kila mmoja wetu alikuwa na marehemu wake. Mwenzangu mmoja aliandika dansi sita za mtunzi aliyekufa akiwa amezaa mbili.

Bibi yako alikuwa ameanguka mwaka 1955. Madaktari walisema hatacheza tena, mkurugenzi wa siku hizo akamweka kwenye orodha ya kuondolewa. Pete ilirudishwa jukwaani na dansi ya bibi harusi haikuwapo, shimo lile lile ulilolikuta wewe. Nikamshonea dansi dada yangu kama anavyoshonewa nguo mtu mwenye bega moja juu. Kushoto, kwa sababu ya goti. Kusimama mapigo manane, kwa sababu baada ya mizunguko kumi na mitatu lilikuwa linawaka moto na lilihitaji kupumzika. Mpindo, kwa sababu aliapa hatalikanyaga tena lile shimo la mashetani hata kwa amri ya serikali. Alama za kale nilikuwa nimejifunza kwa mzee mmoja mstaafu aliyelipwa kwa sigara. Daftari nililichovya kwenye chai kali, nikaliweka katika oveni ya jikoni likauke. Kapitolina akaanza kunisimulia kisa cha mwanamume mmoja, tukalisahau. Huo ndio moto wako wa mwaka 1893.

Kamati ilipitisha kwa sauti moja. Mmoja alisema siku hizi hakuna tena vichwa vya namna hiyo. Nilikuwa nimekaa nyuma yake, namwona upara.

Aliicheza mara kumi na moja. Kisha mchezo ukafutwa kupisha mwingine wenye trekta. Mwaka 1958 niliogopa kusema. 1968 niliona aibu. 1988 hakuna aliyejali. 2008 ukaja wewe na kurasa nne. Kwa nini nilikuacha? Kwa sababu si kila siku mtu anasikia hotuba ya mazishi yake mwenyewe, na mimi nilitaka kusikia mpaka mwisho. Huo ni ubaya wangu na naomba radhi. Nilikupa vidokezo nikidhani utaelewa mapema. Hukuelewa kwa sababu umesoma sana.

Sasa usikilize ushauri wa mtu mzima. Nyamaza. Mabango yamebandikwa. Una mchezo mwingine mwakani. Ukisema, watakuuliza na vile vingine ulivyofufua ni vya nani. Jina la Mfaransa linajaza jumba, langu halijazi hata kibao cha mlango, Nonna amebandika lake juu yake. Asiyekuwapo na lake halipo, na mimi nilichagua mwenyewe kutokuwapo.

Daftari lirudishe chini ya masharubu.

Gleb

Hilo la kutotabasamu, umemwambia Milena?

*

Staroborsk, 9 Machi 2009

Babu,

Shikamoo. Nimechelewa, na utaona kwa nini. Mama anakuja kwako Pasaka na fimbo mpya. Fundi mabomba amemwoa mwenye nyumba wangu. Sasa hakuna anayeniuliza chochote asubuhi.

Onyesho la kwanza lilipita kama ulivyoshauri, nilinyamaza. Watu walisimama baada ya dansi ya bibi harusi, walimlazimisha Milena kuirudia. Lunyov aliandika kwamba wanafunzi wote wa utunzi wapelekwe kwa treni Staroborsk wakaone aibu. Onyesho la pili likapita. Nililala vizuri, nilikula vizuri, na kila nilipopita kwenye bango nilivuka barabara.

Asubuhi ya onyesho la tatu nilikwenda ofisini kwa Pokatilov na barua yako. Aliisoma amesimama, akakaa, akaisoma amekaa. Akaniuliza kama babu yangu ana akili timamu, nikasema ndiyo, kwa bahati mbaya. Akaniuliza nani mwingine anajua. Nikamwambia, “Wewe, mimi, na wachapaji. Nimeshawapelekea karatasi za kutia kwenye programu.”

Alipiga kelele hadi wapiga zeze wakatoka kuchungulia. Lakini karatasi zilitiwa. Zimeandikwa: Dansi ya bibi harusi, sehemu ya tatu, imetungwa na Gleb Innokentyevich Rudakov, Staroborsk, 1957, kwa ajili ya Kapitolina Rudakova.

Lunyov alirudi kwa onyesho la tano. Nilitaka kukuficha alichoandika. Nakutumia nusu tu: “Sasa kila kitu kinaeleweka. Mapigo manane ya kusimama ni dalili ya mtunzi aliyeishiwa. Mizunguko ya kushoto ni ubishi wa kijana anayetaka kuonekana. Mpindo wa nyuma hauna maana yoyote. Jicho lililozoea Garance lilihisi tangu mwanzo kwamba hapa pana mkono wa kigeni.” Lilihisi tangu mwanzo, Babu. Nusu nyingine ni mbaya zaidi, nimeibakiza.

Mchezo wa mwakani nimenyang’anywa. Kamati ya wataalamu imeniandikia kwamba ilikuwa na mashaka siku zote. Pokatilov haongei nami, lakini dansi hajaitoa, kwa sababu tangu kashfa ianze viti vimejaa mpaka darini. Kuanzia wiki hii ninafundisha watoto kushika fito. Usinihurumie. Jana niliwafundisha kuzunguka kushoto, na mmoja akaniuliza kwa nini, nikamwambia kweli.

Jambo moja limebaki. Milena anauliza kama sasa apite nyuma moja kwa moja. Mlango umefunikwa ubao na misumari, na mpindo unampotezea mapigo mawili. Nimjibu nini?

Mjukuu wako,
Taisia

*

Petersburg, 17 Machi 2009

Mjukuu wangu Taisia,

Marahaba, marahaba mara mbili. Barafu ya mto Neva imeanza kupasuka, Nonna ameanza kuotesha mbegu za nyanya kwenye madirisha yangu yote, na mimi naandika gizani saa sita mchana.

Kwanza nikugombeze. Nilikuambia unyamaze, hukunyamaza. Umepoteza kazi ya watu wazima kwa ajili ya mzee ambaye hakukuomba. Nimekaa siku mbili natafuta maneno makali ya kutosha nikashindwa, kwa sababu kila nilipoanza nilikwenda kuiangalia ile karatasi ya programu uliyoiweka ndani ya bahasha. Nonna ameiona. Ameondoa jina lake kwenye kibao cha mlango.

Pili, nakuomba ile nusu nyingine ya Lunyov. Yote, usikate hata nukta. Nikueleze kwa nini, maana kijana hawezi kuelewa hili mara moja. Miaka hamsini na miwili nimesifiwa kwa jina la marehemu, na sifa hizo hazikunishibisha hata siku moja. Ni kama kusikia harufu ya supu ya jirani. Sasa nimetukanwa kwa jina langu, herufi zote, la kwanza, la baba na la ukoo. Nimeisoma asubuhi na jioni. “Mtunzi aliyeishiwa.” Ili mtu aishiwe, lazima awe alikuwa nacho. Fundi wa fremu ataipokea Jumatatu.

Mwandikie pia Lunyov, mshukuru kwa niaba yangu, mwambie jicho lake nalisifu sana. Ni jicho la kwanza nililolisikia linaloona vizuri zaidi baada ya kusoma karatasi.

Tiketi ya treni nimenunua, tarehe 11 Aprili, nitafika asubuhi. Nitakuja na fimbo. Usimwambie mama yako kwamba nimeikubali, mwambie nimeazimwa.

Kuhusu Milena. Ni swali zuri, na mtu aliyesoma angemjibu kwamba sababu haipo tena, kwa hiyo hatua zifuate sababu. Mimi mwenyewe ningefundisha hivyo darasani. Najua mlango umefunikwa. Najua kuhusu ubao, na misumari, na yale mapigo mawili.

Mwambie azunguke. Kapitolina bado anapita pale.

Babu yako,
Gleb